Betri ya sola haifiki asubuhi: tafuta umeme unapopotelea kabla ya kununua nyingine

Kabla hujanunua betri nyingine, nunua mita. Ile ndogo ya kidijitali yenye nyaya mbili, nyekundu na nyeusi, haizidi sana bei ya jogoo, na itakuambia mambo ambayo taa ya kijani ya kontrola, kile kisanduku kinachosimamia chaji ya betri, haikuambii. Nafanya kazi ya sola Kisumu na pande za Ahero, Maseno na Luanda. Nikikumbuka nyumba nilizoitwa kwa sababu "betri imekufa", nyingi zilikuwa na betri yenye njaa, au waya uliolegea, au inveta (mashine inayogeuza umeme wa betri uwe wa kuwasha vyombo vya nyumbani) iliyopangwa vibaya siku ya kwanza na hakuna aliyeigusa tena. Na mara nyingi familia ilikuwa imeshachanga pesa za betri mpya. Hilo huniuma, kwa sababu betri mpya ikifungwa palepale penye tatizo itakwisha vilevile.

Umeme wa mchana hupita paneli, nyaya, kontrola, betri na inveta ndipo uwe taa ya usiku. Unaweza kupotelea popote njiani. Dalili nimeziandika kama wateja wanavyonieleza, kwa sababu mtu husema anachokiona, na anachokiona huwa ni mwisho wa safari.

Kipimo cha alfajiri

Chagua usiku mmoja. Baada ya betri kuchaji mchana kutwa, zima inveta na kila kinachokula umeme unapokwenda kulala. Saa kumi na mbili alfajiri, kabla jua halijagonga paneli, weka nyaya za mita moja kwa moja kwenye vichwa vya betri. Betri ya risasi ya volti 12, iwe ya maji au ya jeli, ikisoma 12.7 imejaa. 12.4 ni kama robo tatu, 12.2 ni nusu, 12.0 ni robo, na 11.8 kwenda chini ni tupu. Ukisoma 10.6 hivi, chumba kimoja kati ya vyumba sita vya ndani kimekufa, na hakuna chaji itakayokifufua.

Usipime paneli zikiwa zinachaji. Utasoma 14 na kufurahi bure. Ukiwa na mfumo wa volti 24 au 48 uliounganishwa kwa betri kadhaa, pima kila betri peke yake. Moja ikiwa nyuma ya wenzake kwa volti 0.3, hiyo ndiyo inayowavuta wote, na jumla ya mfumo haitakuonyesha.

Betri za lithiamu ni habari nyingine. Volti zake hukaa karibu mahali pamoja kwa sehemu kubwa ya safari, kati ya 13.0 na 13.3 kwa betri ya volti 12, halafu huporomoka ghafla mwishoni. Kwa hizo angalia asilimia kwenye kioo chake au kwenye simu, ingawa nayo, kama utakavyoona, inaweza kukosea.

Vua pete na bangili kabla ya kugusa vichwa vya betri. Ukitaka kufungua chochote, tenga paneli kwanza, betri baadaye. Wakati wa kurudisha, betri kwanza. Na paneli kadhaa zilizoungwa mfululizo kwenye inveta kubwa hubeba volti mia mbili, mia tatu au zaidi. Usichomoe plagi zake jua likiwaka bila kuzima swichi yake, kwa maana cheche ya umeme huo haizimiki upesi na huunguza mkono.

"Saa nne asubuhi imejaa, saa mbili usiku imekufa"

Hii ndiyo dalili ninayoisikia kuliko zote, na ndiyo inayowapoteza watu. Kontrola inaonyesha betri imejaa mapema, kwa hiyo mtu anaamini paneli ni nzuri na betri ina umeme mwingi. Ukweli ni kwamba betri iliyochoka hujaa upesi kwa sababu nafasi imebaki ndogo. Debe lililojaa mchanga hadi shingoni nalo hujaa maji upesi. Mchanga wenyewe ni salfeti, ukoko mweupe unaoganda juu ya sahani za risasi betri inapokaa nusu tupu siku baada ya siku. Sahani zilizofunikwa hazipokei chaji, na volti hupanda haraka kumdanganya kontrola.

Pima uhakika hivi. Chukua betri ya 200Ah, yaani ampea-saa 200, volti 12. Kwa hesabu ina wati-saa 2,400, lakini betri ya risasi haifai kutumiwa chini ya nusu, kwa hiyo yako ni 1,200. Jioni, baada ya jua kuzama, washa mzigo unaoujua, tuseme TV na taa zinazofikia wati 100, kisha andika saa. Betri nzima, hata baada ya inveta kula sehemu yake, inapaswa kukupeleka saa tisa au kumi kabla mita haijasoma 12.0 mzigo ukiwa bado umewashwa (mzigo hushusha volti kidogo, kwa hiyo 12.0 ya hapa si ile robo ya alfajiri, ni kama nusu). Ikifika hapo kwa saa mbili, imebaki na kama sehemu moja ya tano ya uwezo wake.

Sasa swali ni nani aliyeiua, kwa sababu muuaji yupo bado nyumbani. Mama mmoja mfuga kuku upande wa Ahero aliniita akiwa na uchungu. Alikuwa na betri ya 200Ah, akaona haitoshi kwa taa za vifaranga, akaongeza ya pili ya ukubwa uleule. Baada ya miezi michache zote mbili zikawa dhaifu. "Fundi, niliuziwa mbovu?" Nikamwomba tupande kuangalia paa. Paneli ilikuwa moja, ya wati 200.

"Mama, hii paneli kwa siku njema inakuletea kama wati-saa 700 hivi. Umeileta meza ya watu wawili, chakula ni cha mmoja."

Betri ya risasi inataka ampea za kuchaji zisizopungua sehemu moja ya kumi ya ukubwa wake: ampea 20 kwa 200Ah, ampea 40 kwa mbili zake. Paneli yake ilitoa 11 hivi kwa jua kali la saa saba mchana. Tuliondoa betri iliyokuwa mbaya zaidi, tukaongeza paneli mbili badala ya betri, na ile iliyobaki ikarudisha sehemu nzuri ya nguvu zake kwa wiki kadhaa za kushiba. Si zote. Salfeti iliyokaa muda mrefu haiondoki yote.

Kuna kosa la pili linaloleta njaa ileile: kuacha kuchaji mapema. Volti zikifika 14.4 betri ya risasi ina kama asilimia 80 tu. Ile inayobaki huingia polepole, kwa saa mbili hadi nne, volti zikiwa zimeshikwa hapohapo. Njia ya kujua imeshiba kweli ni ampea: betri ya 200Ah ikiwa 14.4 na inakula chini ya ampea 4, imejaa. Katika miezi ya mvua ndefu, Machi hadi Mei, nyumba nyingi hazifiki hapo hata mara moja kwa wiki. Punguza matumizi ya usiku miezi hiyo, au mara moja kwa wiki ijaze kwa chaja ya stima.

Betri ya maji ina nafasi moja zaidi. Mafundi wa magari wana kile kipimo cha asidi cha kioo chenye kielea. Kila chumba kikiwa kimejaa husoma karibu 1.265 au zaidi kidogo. Chumba kimoja kikiwa nyuma kwa 0.050, hicho ndicho kigonjwa. Ongeza maji ya betri yaliyosafishwa pekee. Maji ya bomba na ya kisima yana chumvi, na asidi mpya haiongezwi, kwani iliyopungua ni maji tu, asidi haikuondoka.

"Jua linawaka lakini ampea ni kidogo"

Kwanza hakikisha betri ina njaa. Betri iliyojaa hukataa umeme, na kontrola husoma ampea 0.5 huku paneli zikiwa nzima kabisa. Nimemkuta fundi akishusha paneli nzuri kutoka paani kwa sababu hiyo. Washa mizigo mikubwa saa sita mchana kisha uangalie tena. Ampea zikipanda, hakuna ugonjwa.

Zisipopanda, panda paani. Nakuru, mji ambao jina lake la Kimaasai husemwa lina vumbi ndani yake, paneli hupata ngozi ya kijivu Januari na Februari. Muhoroni na Chemelil ni jivu la miwa inapochomwa. Kando ya ziwa ni vijidudu na kinyesi cha ndege. Osha asubuhi mapema kwa maji na kitambaa laini, kamwe si saa saba mchana kioo kikiwa moto. Sisi tuko karibu na ikweta, kwa hiyo paneli ikielekea kaskazini au kusini haileti tofauti kubwa, lakini ilalie kidogo, nyuzi 10 au 15, ili mvua iioshe na maji yasituame.

Kisha tazama kivuli, na utazame saa tatu, saa saba na saa kumi. Mwembe ulioota miaka mitatu tangu paneli zifungwe, mnara wa tangi la maji, nguzo ya antena. Kivuli cha upana wa kiganja juu ya paneli moja kinaweza kuvuta chini paneli zote zilizoungwa nayo mfululizo.

Kosa la kimya zaidi ni paneli isiyolingana na kontrola. Paneli kubwa za siku hizi hutoa volti 31 au zaidi. Ukiifunga ya wati 280 kwenye kontrola ya bei ndogo ya PWM na betri ya volti 12, kontrola huishusha hadi volti za betri bila kuongeza ampea. Ampea zake 9 zikizidishwa kwa volti 13 ni wati 117. Zaidi ya nusu ya ulichonunua hubaki paani. Kontrola ya MPPT hugeuza volti za ziada kuwa ampea, na kwa paneli za namna hiyo ni lazima.

"Tangu niweke sola, tokeni zinaisha kuliko zamani"

Tangu stima ilipopotea karibu nchi nzima tarehe 25 Agosti 2023, nyumba nyingi ninazozifahamu zimeweka inveta zinazotumia sola na stima ya Kenya Power pamoja. Ni mashine nzuri. Shida ni mpangilio. Nyingi hufungwa zikiwa zimeamriwa stima iwe ya kwanza na sola ya pili, na betri ichajiwe na chochote kilichopo. Tazama kinachotokea: saa nne usiku betri imeshuka, inveta inaijaza kwa tokeni usiku kucha. Jua linapochomoza linakuta betri imejaa, nyumba imekwenda kazini na shuleni, na paneli hazina pa kupeleka umeme. Umelipia usiku, ukatupa mchana.

Ingia kwenye menyu ya inveta, au umwombe aliyefunga aingie mbele yako, na ubadilishe mambo mawili. Chanzo cha kwanza cha nyumba kiwe sola, halafu betri, stima iwe ya mwisho. Chaji ya betri iwe ya sola pekee, au stima iruhusiwe betri ikishuka chini ya kiwango cha akiba, tuseme asilimia 30 kwa lithiamu. Miezi ya ngurumo za jioni, stima inapokatika mara kwa mara, pandisha akiba hiyo hadi 50. Fanya badiliko moja, subiri siku tatu, andika namba ya mita ya tokeni kila asubuhi. Ukibadilisha yote kwa siku moja hutajua lipi lilitibu.

Tokeni zikiendelea kuliwa, angalia kama inveta inasukuma ziada kwenye laini. Sheria ya Kawi ya 2019 inamruhusu mwenye sola kuingia mkataba na msambazaji ili stima anayorudisha ihesabiwe kwake. Bila mkataba na mita ya kazi hiyo, zima kabisa usukumaji huo. Baadhi ya mita za tokeni huihesabu stima inayorudi kana kwamba umeitumia.

Na kuna mlaji asiyeonekana: inveta yenyewe. Ikiwa imewashwa bila mzigo wowote inaweza kula wati 30. Kwa saa 24 ni wati-saa 720, sawa na mavuno yote ya ile paneli ya Ahero.

"Friji ikianza, inveta inalia na kuzima"

Betri inasoma imejaa, lakini mota ya friji ikitaka kuamka kila kitu kinazima. Pima mahali pawili mzigo ukiwa umewashwa: kwenye vichwa vya betri, kisha kwenye vichwa vya inveta. Namba zikitofautiana kwa zaidi ya volti 0.3 kwenye mfumo wa volti 12, umeme unafia kwenye waya. Wati 1,000 kwa volti 12 ni ampea 83, na zaidi ukihesabu hasara. Kwa volti 48 ni ampea 21 tu. Ndiyo maana waya uliotosha kwenye taa hauwezi kubeba friji. Fupisha waya, nunua mnene, kaza vichwa, sugua ule ukungu wa kijani na mweupe. Gusa viungo kwa nyuma ya kidole baada ya dakika kumi, ukiwa umezima. Kilicho moto ndicho kilicholegea. Hapa nilikosea mwenyewe miaka ya mwanzo: nilimshauri mzee mmoja anunue betri, kumbe ilikuwa nati moja. Nilimrudishia pesa za kazi, lakini betri ilikuwa imeshanunuliwa.

Namba zikilingana na zote zikaporomoka pamoja, tatizo ni betri. Rudi kwenye kipimo cha saa za mzigo.

"Lithiamu imezima ghafla, mita inasoma sifuri"

Usiogope kwanza. Ndani ya betri ya lithiamu kuna bodi ya ulinzi, na sifuri maana yake bodi imefunga mlango. Sababu inaweza kuwa imetumiwa hadi mwisho, au mzigo ulikuwa mkubwa mno (shawa ya umeme hula zaidi ya wati 3,500), au seli moja imepanda kuliko wenzake. Mara nyingi chaja inayokubali lithiamu huiamsha kwa dakika chache.

Ikizima mchana, wakati wa kuchaji, shuku mpangilio. Inveta iliyoachwa kwenye mpangilio wa betri ya maji inaweza kusukuma volti 15 au zaidi kusawazisha vyumba. Betri ya lithiamu ya volti 12 haipaswi kupita 14.6. Weka mpangilio wa lithiamu kama kitabu cha betri kinavyosema, si kama jirani alivyoweka.

Na ile asilimia inayosema 60 kisha betri inazima? Bodi huhesabu ampea zinazoingia na kutoka, na hesabu hupotea kidogo kidogo ikiwa betri haifiki kujaa. Ijaze kabisa, iache hapo saa moja au mbili, na hesabu itajirekebisha. Ikizima tena baada ya hapo, seli hazilingani, na hiyo ni kazi ya muuzaji wakati dhamana ingali hai. Mtu akikuambia aunganishe waya kuipita bodi ya ulinzi, mkatalie.

Harufu ya yai bovu, joto, tumbo limevimba

Hapa hakuna kupima. Zima paneli, zima chaji, fungua madirisha, ondoa jiko na koroboi chumbani, watoto watoke. Betri ya risasi inayochajiwa kupita kiasi hutoa haidrojeni, nayo hulipuka kwa cheche ndogo. Ikipoa, haitumiki tena ikiwa imevimba.

Sababu kubwa ni volti za kuchaji zilizozidi, na joto. Volti za 14.4 zimepangwa kwa nyuzi 25 za joto. Chumba cha mabati Kisumu hupita hapo kwa mbali, na kila nyuzi 10 zinazozidi hukata maisha ya betri ya risasi karibu nusu. Kontrola nzuri ina waya mdogo wa kupima joto. Mafundi wengi huuacha kwenye boksi. Ubandike ubavuni mwa betri. Toa betri chini ya kitanda na juu ya kabati karibu na mabati, iweke chini, kivulini, penye hewa.

"Imejaa saa tano, jua lote la mchana linabaki"

Ikiwa betri ilipita kipimo cha usiku, huu si ugonjwa. Una ziada. Kabla ya kuongeza betri, hamishia kazi mchana: pampu ya maji, pasi, mashine ya kufua, kuchaji taa na simu. Ukiona bado unahitaji umeme zaidi usiku, ongeza betri kwa hesabu ya paneli ulizo nazo. Usiunge betri mpya ya risasi na ya miaka mitatu. Mpya itamlisha mzee hadi wote wazeeke. Betri zikiwa sambamba, waya chanya utoke kwenye betri ya kwanza na hasi utoke kwenye ya mwisho, ili zote zifanye kazi sawa.

Kakamega na Kisii, penye radi nyingi, kinga ya radi na waya wa ardhini viwe vya kwanza kununuliwa. Kwa inveta ya volti 48 au mfumo unaounganishwa na stima, dai kuona leseni ya fundi kutoka EPRA, mamlaka ya serikali inayosimamia kawi. Daraja la T3 ndilo linalogusa kazi hiyo.

Betri ikithibitika imekufa, usimwage asidi shambani wala mtaroni ili upunguze uzito. Risasi iliyomo huingia kwenye udongo na miili ya watoto. Watu wa Owino Uhuru kule Mombasa, walioishi jirani na kiwanda cha kuyeyusha risasi ya betri kuukuu, wamelipia risasi hiyo kwa afya zao. Ibebe ikiwa wima, vifuniko vimekazwa, umpe muuzaji anayepokea kuukuu anapokuuzia mpya. Ile mpya, kabla ya kuifunga, ipime ikiwa imetulia, kisha uandike ubavuni kwa kalamu isiyofutika tarehe ya leo na volti ulizosoma.